Kumfuata Chiriku

Jumatano, 5 Machi

Mawingu tangu asubuhi, joto la kunata, lakini mvua bado.

Leo nimempeleka Chiriku kituoni kwa mara ya kwanza. Mama yake ni muuguzi, siku hizi yuko wodini mchana kutwa, na mimi Jumatano hufunga ghala mapema, kwa hiyo kazi hii imekuwa yangu.

Chiriku ana miaka sita. Jina hilo alipewa na mama yake alipokuwa anatambaa, kwa sababu alikuwa hanyamazi. Alikuwa na maneno yake machache, "maji", "toka", "hiki". Kisha yakapotea moja baada ya jingine, na jina likabaki. Daktari alisema ni usonji. Ni yeye pia aliyetuelekeza kwenye tiba hii ya muziki.

Chumba ni kidogo, kina zulia la kijani lililochakaa katikati, kinanda cha umeme, ngoma mbili, marimba ya watoto, kayamba, njuga kwenye kikapu. Paa ni la bati. Mwalimu wa muziki ni mwanamke mdogo kwangu, mjamzito, na anafanya kazi akiwa amekaa sakafuni bila viatu. Chiriku hakumtazama. Alichukua kifuniko cha kopo akaanza kukizungusha.

"Mwalimu, programu ya muhula ikoje?" nikauliza. Kalamu nilikuwa nayo mkononi.

"Programu ni huyo anayezungusha kifuniko."

Nilidhani anatania. Akanieleza kwamba hafundishi nyimbo. Mtoto akifanya chochote, akigonga, akiguna, akikimbia kuzunguka chumba, yeye anakichukua papo hapo na kumjibu kwa muziki. Hapangi kitu nyumbani. Kisha akasema:

"Baba, nikwambie mapema. Mvua zikiisha mimi naenda kujifungua, na kituo hakina mtu mwingine wa kazi hii."

"Sasa mtoto atafanya nini?"

"Ndiyo maana sitaki ukae kwenye benchi la nje. Ingia ndani. Nikiondoka, awe na mtu wa kucheza naye. Bila hivyo atarudi kwenye kona yake."

"Mwalimu, mimi hata kupiga mluzi sijui."

"Sijakuomba mluzi. Nimekuomba uvue viatu."


Jumatano, 12 Machi

Chiriku amelala chini ya meza muda wote. Mwalimu naye akalala kwenye zulia, na tumbo lake lile, akawa anatikisa kayamba kila Chiriku akigeuka. Mimi nilikaa pembeni na soksi. Sijaona faida, lakini nitakwenda tena.


Jumatano, 19 Machi

Mvua imefika leo, na imetukuta ndani.

Bati likaanza kupigwa kama mtu anamwaga kokoto. Chiriku akaziba masikio akapiga lile yowe lake la kupanda juu, ambalo limetutoa sokoni mara nyingi na lilitutoa kwenye harusi ya dada yangu kabla ya keki. Mimi tayari nilikuwa nimesimama kumbeba. Mwalimu akasogea kwenye kinanda, akatafuta sauti ile ile ya yowe, akaibonyeza. Chini yake akaweka nyingine nzito. Halafu akafungua mdomo akapiga yowe naye.

Nilipandwa na hasira. Nilidhani anamkejeli mwanangu.

"Mwalimu, mtoto analia."

"Namsikia," akasema, bila kuacha.

Chiriku akavuta pumzi. Mwalimu akanyamaza palepale. Chiriku akalia tena, chini kidogo, na kinanda kikashuka naye. Akatoa sauti fupi. Kinanda kikatoa fupi. Chiriku akanyamaza akasikiliza. Akatoa nyingine fupi kama anayejaribu swichi aone kama taa ni yake. Kinanda kikamjibu. Akaondoa mkono mmoja sikioni.

Mvua haikupungua hata kidogo. Aliyebadilika ni yeye.

Miaka yote hii sisi tunamwambia nyamaza. Leo nimeona mtu akimjibu. Nilipomsimulia mama yake, aliacha kuvua sare yake ya kazi, akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo alipiga kelele, mtu mzima akapiga naye, na wewe umerudi unatabasamu."

"Ndiyo."

"Haya, Baba Chiriku. Kesho nitapiga mimi, tuone kama nitajibiwa."


Jumatano, 26 Machi

Siku kubwa. Chiriku alikwenda mwenyewe kwenye marimba, akagonga kipande kirefu mara tatu haraka, akatulia, kisha akagonga kile kifupi kabisa mara moja. Mwalimu akamjibu kwenye kinanda: tatu, akatulia, na ile moja hakuipiga. Akangoja. Chiriku akatazama kinanda, akatazama mkono wa Mwalimu, akaenda akaipiga yeye. Akacheka. Si kile kicheko chake cha peke yake, kile cha kuangalia feni. Alicheka na mtu.

Nimeikariri: tatu haraka, pumziko, moja.


Alhamisi, 27 Machi

Nimempa ndoo ya plastiki na mwiko. Kila jioni baada ya chai tutafanya ile tatu na moja. Nimeipangia saa, kabla mama yake hajarudi.


Ijumaa, 28 Machi

Amefanya.


Jumamosi, 29 Machi

Amefanya vizuri sana. Pumziko bado analikatisha. Mvua usiku kucha.


Jumapili, 30 Machi

Shemeji yangu kinyozi, mdogo wake mama Chiriku, amekuja kula. Akamkuta Chiriku na ndoo.

"Shemeji, kumbe mnampeleka mtoto akafundishwe kugonga ndoo?"

"Ni tiba."

"Mngemwachia dada yangu. Mimi amenigonga na ndoo utoto wangu wote, huyo ni daktari bingwa."

Mama Chiriku akamtupia kitambaa cha meza. Tulicheka sana. Chiriku alitoka akaenda chumbani na kuacha ndoo. Nikamrudisha tumalize zoezi.


Jumatano, 2 Aprili

Kituoni alipiga tatu na moja mara moja tu, kisha chini ya meza. Labda amechoka.


Ijumaa, 4 Aprili

Amekataa mwiko. Nikamshika mkono, tukapiga pamoja.


Jumapili, 6 Aprili

Amekataa. Ameificha ndoo nyuma ya mlango wa bafu.


Jumatano, 9 Aprili

Ninaandika nikiwa nimeloa bado.

Mwalimu alianza kwa kumkaribisha na ile yake: tatu, pumziko, akangoja. Chiriku akaikalia mikono yake yote miwili. Mwalimu akajaribu ngoma. Chiriku akageukia ukuta. Mwalimu akaacha kila kitu akanitazama.

"Baba, nyumbani kumetokea nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa fahari, sikuona ubaya wowote. Ndoo, mwiko, kila jioni bila kukosa.

"Na akikosea ulimsahihisha?"

"Kidogo. Alikuwa anasahau kutulia kabla ya ile ya mwisho."

"Hakusahau. Alikuwa anabadilisha."

Sikuelewa. Akajisogeza kwa shida, mkono kiunoni, akakaa karibu nami, akasema kwa sauti ya chini ili Chiriku asione tunamjadili.

"Siku ile alikuwa ananiambia kitu, akasubiri aone nitasema nini. Wewe ukamtaka aseme kile kile kila jioni, na akikisema vingine unamrekebisha. Mtu akikufanyia hivyo na habari yako, hutanyamaza?"

"Mwalimu, mimi ni mtunza ghala. Nikipata kitu nakipa mahali pake."

"Hiyo ni kwa misumari, baba." Akatabasamu, na tabasamu lake ndilo lililoniumiza. "Hujaharibu kitu. Amekukatalia tu, na mtoto anayejua kukataa anajua na kukubali. Ila kuanzia leo usimwanzishie chochote. Akianza yeye, jibu. Asipoanza, kaa."

"Nikae tu?"

"Kukaa ndiyo kazi ngumu. Mimi mwenyewe nimesomea."

Tulirudi kwa miguu chini ya mwavuli mmoja. Nimekuwa nikifikiri kazi yangu ni kuhakikisha kwamba kilichopatikana hakipotei. Jumatano zilizobaki si nyingi, tumbo la Mwalimu linaonekana, na mimi ndiye niliyemfanya mtoto akalie mikono yake. Hata hivyo mkono mmoja alinipa njia nzima. Nashukuru kwa huo.


Jumamosi, 12 Aprili

Nimekaa. Hakuna kilichotokea.


Jumatano, 16 Aprili

Daraja limefunikwa na maji, barabara imefungwa. Chiriku alivaa viatu mwenyewe akasimama mlangoni. Hakuna namna ya kumweleza daraja ni nini. Alisimama mpaka giza likaingia.


Jumapili, 20 Aprili

Ya leo lazima niiandike kama ilivyokuwa.

Ghorofa ya chini yetu anaishi mama mstaafu aliyekuwa mpiga chapa ofisi ya serikali. Tangu tuhamie hapa tunamjua kwa mpini wa ufagio: tukidondosha kitu, anagonga dari yake, ambayo ni sakafu yetu. Hatujawahi kuwa na mazungumzo zaidi ya shikamoo ya kwenye ngazi.

Asubuhi Chiriku alikuwa bafuni na kandambili, anapiga vigae. Pa, pa. Kutoka chini ikaja: du, du. Mimi nikaruka kwenda kumnyang'anya kandambili. Mama Chiriku akanishika shati kwa nyuma.

"Mwache."

"Bibi wa watu anakasirika."

"Mwache nimekwambia. Mtazame."

Chiriku alikuwa ameweka sikio kwenye vigae. Akapiga: pa. Chini wakajibu kwa hasira: du, du, du. Chiriku akafikiri. Akapiga tatu, polepole. Kimya. Tukasimama mlangoni mwa bafu letu wenyewe kama wezi. Na hapo nikaona kitu ambacho kwa jioni zote za ndoo sikukiona: mtoto alikuwa anangoja. Hakucheza na maji, hakuzungusha chochote. Alingoja jibu la mtu. Halafu akapiga moja, laini, kama anayebisha hodi.

Ilichukua muda. Kutoka chini ikaja moja, laini vilevile.

Waliendelea mpaka maharage ya mchana yakatuungulia. Baadaye nikashuka kuomba radhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuniomba msamaha?"

"Ndiyo, mama. Kwa kelele za mtoto."

"Sikufichi, nilianza kwa ugomvi. Nilitaka kuwanyamazisha. Halafu nikaona huyu aliye juu ananisikiliza. Wanangu wenyewe hawanisikilizi hivyo." Akauegemeza ufagio ukutani. "Mwambie bega limeniuma, tupumzike hadi kesho."

Huyu mama nimemwogopa muda mrefu bure.


Jumatano, 23 Aprili

Mwalimu aliposikia habari za ufagio alicheka mpaka akalishika tumbo kwa mikono miwili. "Mwambieni aje achukue nafasi yangu."

Leo nimeshuka kwenye zulia kweli kweli. Chiriku akipiga ngoma, napiga. Akikuna ngozi ya ngoma, nakuna. Sikukosa hata kimoja. Baada ya muda akaondoka zake.

"Baba, umekuwa mwangwi," Mwalimu akasema. "Mwangwi hauna habari mpya. Msikilize, halafu na wewe sema kitu chako kidogo."

"Kitu gani?"

"Ningejua ningekuandikia kwenye karatasi, kwa jinsi unavyopenda karatasi."


Jumatatu, 28 Aprili

Msimamizi wa ghala amenikuta nagonga bomba kwa kalamu. Ameniuliza kama niko salama. Nimesema niko salama sana.


Jumatano, 30 Aprili

Nimekosea, na kosa limenisaidia. Nilitaka kumjibu Chiriku kwa kishindo kidogo, kijiti kikanichomoka kikaruka kikampiga Mwalimu kwenye goti na kuishia ndani ya kikapu cha njuga. Kikapu kizima kikalia. Chiriku akageuka. Akaja, akakichukua kijiti chake yeye, akakitupa kwenye kikapu, akanitazama mikono. Nami nikatafuta njuga nikaitupa humo. Tukatupa kila kilichotupika. Tulicheka sote watatu, na Mwalimu alipiga kinanda kila kitu kilipotua, muziki wa vitu vinavyoanguka.

Wakati wa kuvaa viatu akaniambia, "Leo sikuwa na kazi hapa."

Ameahidi kwamba Jumatano ijayo tutaanza kumwandaa Chiriku kwa kuagana, taratibu, ili asione mlango umefungwa ghafla.


Jumatano, 7 Mei

Mlango umefungwa ghafla.

Tulifika na mvua ya manyunyu. Chumba kina kufuli. Karani wa kituo akatoa kichwa dirishani.

"Hamkupata habari? Mwalimu amekimbizwa hospitali alfajiri. Mtoto hakutaka kusubiri tarehe yake."

"Anaendeleaje?"

"Bado hatujaambiwa."

"Na watoto wake wa hapa?"

"Hadi muhula ujao, baba. Na huo nao siwezi kukuahidi."

Chiriku alikuwa ameshaufikia mlango. Akausukuma. Akausukuma kwa bega. Kisha akaanza kuupiga mateke, na yowe likapanda. Ukumbi ulikuwa na wazazi wengine kwenye mabenchi. Mama mmoja akamvuta mwanawe karibu. Ninajua la kufanya katika hali hii, nimelifanya mara nyingi: unambeba kiunoni, unainamisha kichwa, unatoka mbio bila kumtazama mtu.

Nilimwinamia nimbebe. Halafu nikakaa chini, kwenye saruji yenye matope ya viatu vya watu, suruali ya kazini na yote.

Alipopiga mateke mawili, nikapiga ukuta kwa kiganja, mara moja, chini. Hakusikia, au alisikia akakataa. Akaendelea. Nikamjibu tena, si kwa kumwiga. Alipopanda juu nilibaki chini, pigo zito, polepole, ili kama akitaka pa kushukia papatikane. Sijui nilikuwa nafanya nini. Hakukuwa na mtu wa kumwuliza. Nilifikiria pia yule mwanamke aliyelala kwenye kitanda cha hospitali saa hiyo.

Haikufanya kazi, kama kufanya kazi ni kunyamaza. Alilia mpaka sauti ikakatika yenyewe, ikabaki kwikwi. Kisha akakaa akinipa mgongo, na mgongo huo ukaegemea goti langu. Tulikaa hivyo. Karani alileta gazeti kuukuu tukalie, akaondoka. Nilimshukuru baadaye.

Kama lile goti lilikuwa jibu, sijui.


Ijumaa, 9 Mei

Hagusi chochote. Jirani alibisha kutoka chini jioni, mara moja, laini. Chiriku hakuinua hata kichwa.


Jumamosi, 10 Mei

Habari njema. Mama Chiriku amepata kuuliza kwa wenzake wa wodi ya wazazi: Mwalimu amejifungua mtoto wa kike, mdogo sana lakini mzima, na mama mzima. Nilikaa kwenye ngazi nikafuta uso. Mama Chiriku akakaa kando yangu. "Na huyo naye alianza kabla hajaambiwa," akasema.


Jumatatu, 12 Mei

Kimya. Mvua inapungua, sasa ni ya asubuhi tu.

Mama Chiriku: "Mjaribishe ile yake ya tatu na moja, akumbuke."

"Hapana."

"Kidogo tu."

"Mama Chiriku, ile niliimaliza mimi. Nangoja anayotaka yeye."

Akanitazama. "Siku hizi unajua kungoja. Ulinioa hujui kungoja hata chai ipoe."


Jumatano, 14 Mei

Hakuna kwenda. Alivaa viatu, akavivua mwenyewe. Naogopa. Naogopa kwamba kona ile ya zamani imempata tena na kwamba mimi nimekaa tu nikiitazama. Nimekaa hata hivyo.


Ijumaa, 16 Mei

Jirani wa chini amesafiri kwenda kwa mwanawe. Ametuachia ufunguo.


Jumapili, 18 Mei

Jua tangu asubuhi. Nguo zote zimekauka kwa mara ya kwanza tangu Machi, kwa hiyo nilikuwa mezani napiga pasi. Mama Chiriku alikuwa kwenye roshani anaanua zilizobaki. Chiriku bafuni.

Nikasikia beseni. Pigo moja, kisha kucha zinakuna plastiki, kisha mapigo mawili. Halafu kimya. Nilidhani anamwita jirani, na jirani hayupo. Nikaendelea na kola. Ikaja tena: moja, kucha, mawili. Kimya kirefu. Nilimhurumia, anabisha kwenye nyumba isiyo na mtu.

Halafu nikasikia beseni linaburutwa. Likapita ukumbini, likagonga mguu wa kabati, likaja. Chiriku akasimama mlangoni pa sebule, akalisukuma mpaka mbele ya miguu yangu, akaligeuza kifudifudi. Akapiga: moja, kucha, mawili. Akatulia akanitazama mikono. Si uso, uso humchosha, nami sihitaji tena anitazame usoni. Hakuwa anamwita jirani. Tangu mwanzo alikuwa ananiita mimi, na nilipokawia akanifuata.

Katika maisha yake yote hajawahi kunijia kwa jambo lolote isipokuwa njaa na kifuniko cha chupa.

Niliiweka pasi, sikuangalia wapi. Nikapiga ubao wa meza kwa kidole, moja. Nikakuna kitambaa kwa kucha. Yale mawili sikuyapiga. Nikapuliza tu hewa, fuu, kwa sababu kupiga mluzi sijui. Akainamisha kichwa. Akapuliza naye kwenye tumbo la beseni, likavuma. Akapiga manne. Nikapiga moja. Akakuna muda mrefu, polepole, kuzunguka ukingo wote, na mimi nikasikiliza mpaka nikasahau kwamba kuna zamu yangu.

Mama Chiriku akaingia na mzigo wa nguo kifuani, akasimama, akanusa.

"Baba Chiriku, shati linaungua."

"Ngoja," nikamwambia. "Hajamaliza."

Akaizima pasi ukutani, akaziweka nguo chini, akakaa juu yake. Chiriku alimaliza alipotaka.

Lilikuwa shati la kazini, lina alama ya pasi mgongoni. Kesho nitavaa lingine.